Barua ya wazi: Bajeti ya chuo cha VETA ianzie kwenye mashine, majengo yafuate

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia na Waziri wa Fedha, na kwa Mkurugenzi Mkuu wa VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi). Nakala kwa Waheshimiwa Wabunge na wakurugenzi wa halmashauri.

YAH: MPANGILIO WA FEDHA ZA UJENZI WA VYUO VYA UFUNDI STADI VYA WILAYA

Waheshimiwa,

Tunaoandika ni walimu wa ufundi, wakadiriaji majenzi, mafundi umeme na wasimamizi wa ujenzi. Hatuna ugomvi na nia ya Serikali. Fedha za mkopo wa IMF wa mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na UVIKO-19, ziligusa pia vyuo 25 vya wilaya na 4 vya mikoa. Ukafuata mpango wa vyuo vingine 64, yaani 63 vya wilaya na kimoja cha Mkoa wa Songwe. Kwa mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hiyo ni kasi ambayo haijawahi kuonekana.

Hoja yetu ni moja. Bajeti ya chuo huanza na orodha ya majengo: utawala, madarasa, karakana, bweni, bwalo, jiko, vyoo, nyumba ya mkuu wa chuo. Mashine huja mwishoni, kwenye kasma nyingine, mara nyingi mwaka mwingine wa fedha. Tunaomba mpangilio huo ugeuzwe. Iandikwe kwanza orodha ya mashine za kila fani, uzito wake, ukubwa wake na umeme wake. Ndipo ichorwe sakafu, mlango, paa na laini ya umeme, na gharama zote zikae kwenye fungu moja na mwaka mmoja.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo vyuo vipya hukwama zaidi.

Chukueni chuo chenye fani za kawaida: uungaji na uundaji vyuma, useremala, ufundi magari, umeme wa majumbani, uashi, ushonaji na kompyuta. Karakana ya vyuma ikiwa na vibanda 12 vya kuchomelea, na kila mashine ikivuta kVA 9 (kVA ni kipimo cha mzigo wa umeme), ni kVA 108. Kwa kuwa wanafunzi hawachomelei wote kwa wakati mmoja, hesabuni nusu, 54. Mashine 3 za kerezo zenye mota za kilowati 5.5 zinakaribia kVA 20. Useremala, wenye randa ya umeme, msumeno wa meza, msumeno wa utepe na mashine ya kusawazisha unene wa mbao, wekeni 20 nyingine. Kompresa na lifti ya magari, 10. Madarasa, kompyuta, taa, jiko na pampu ya maji, 25. Jumla ni 129. Hata mkitoa moja ya tano kwa sababu vyote haviwaki pamoja, mnabaki na 103, na bado hakuna bweni la pili wala fani mpya.

Transfoma za usambazaji zilizozoeleka ni za kVA 50, 100, 200 na 315. Ya 100 imeshajaa siku ya uzinduzi. Chuo kama hiki kinataka ya 200, yake peke yake, ndani ya eneo la chuo. Kinachofanyika mara nyingi ni kuunganisha chuo kwenye laini ya kijiji, kwa transfoma ya 50 iliyosimama barabarani, mita 400 kutoka karakana. Tupige hesabu ya hizo mita 400. Waya wa alumini wa milimita za mraba 50 una ukinzani wa takribani omu 0.64 kwa kilomita. Karakana ikivuta ampea 100 kwa kila fezi, volti 44 kati ya 400 zinapotea njiani, sawa na asilimia 11. Mota iliyobakiwa na asilimia 89 ya volti haina asilimia 89 ya nguvu ya kuanzia. Ina kama 79 tu, kwa sababu nguvu hiyo hushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Randa inanguruma bila kuzunguka, mota inachemka, fyuzi inakatika, na taarifa inayopanda juu inasema mashine zilizoletwa ni mbovu. (Na hiyo ni ikiwa transfoma ya 50 itakubali: uwezo wake wote ni ampea 72 kwa fezi.)

Kwenye BOQ nyingi, yaani orodha za kazi, vipimo na gharama za ujenzi, kazi yote hii imeandikwa kwa mstari mmoja, "kuunganisha umeme", na mbele yake kiasi cha kukisia. Tunaomba mstari huo ufutwe. Badala yake yawepo mambo yanayopimika: urefu wa laini ya msongo wa kati kwa mita, idadi ya nguzo, ukubwa wa transfoma, ukubwa na urefu wa kebo kuu, bodi kuu ya usambazaji, bodi ndogo ya kila karakana yenye swichi ya dharura ya kukata mashine zote kwa mkupuo, na fimbo za ethi pamoja na kipimo cha ukinzani wake. Maombi ya TANESCO yapelekwe wiki ile ile eneo la ujenzi linapokabidhiwa, yakiwa na jedwali la mzigo kama hilo la juu. Upimaji, makadirio, malipo, nguzo na transfoma vinachukua miezi. Ukisubiri bati lipigwe ndipo uandike barua, jengo litakaa limefungwa huku popo wakijisajili mwaka wa kwanza.

Sakafu nayo ina hesabu yake, na ni hesabu ndogo inayouma. Karakana ya mita 12 kwa 24 ina mita za mraba 288. Jamvi la sentimita 10 linakula zege mita za ujazo 28.8, la sentimita 15 linakula 43.2. Tofauti ni 14.4. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inataka mifuko kama 6.4 ya kilo 50. Kwa hiyo anayepunguza jamvi kutoka 15 hadi 10 anaokoa mifuko 92 ya saruji, na mchanga na kokoto zake. Anachopoteza ni karakana nzima ya magari. Lifti ya nguzo mbili inayobeba tani 4 hufungwa kwa bolti kwenye zege hiyo, na gari likipanda, nguzo zinavuta bolti kuelekea juu na ndani. Jamvi la darasa, la sentimita 10 bila wavu wa chuma, hupasuka kuzunguka bolti. Wakati huo sakafu haibomolewi tena, kwa kuwa kifungu kimeisha. Lifti inafunikwa turubai na somo linafundishwa ubaoni.

Mlango ni vivyo hivyo. Ramani ikichorwa kana kwamba karakana ni darasa kubwa, mlango unakuwa wa mita 1.2. Kerezo linafika kwenye kreti, linabaki nje mvua ikinyesha, kisha ukuta unabomolewa kulipitisha, na pale palipobomolewa linta haikuwepo. Geti la upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 3.6, na nafasi ya mita 4.5 kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi, vinatosha kwa mashine zote tulizozitaja na kwa gari lililopandishwa. Vibanda vya kuchomelea viwe upande ambao upepo unatoka nje ya karakana, si unakoingia, na ukuta wake uwe na matundu juu na chini. Mitungi ya gesi ikae nje, kwenye kibanda cha nondo chenye kivuli, oksijeni mbali na asetilini.

Sasa suala la fedha kufika lini.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kwa sehemu kubwa ya nchi hiyo ni zawadi. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi ni kavu, barabara zinapitika, malori ya mchanga na kokoto hayakwami. Katavi, Rukwa, Songwe, Ruvuma na Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Msingi usipotoka ardhini kabla ya Novemba, mitaro inajaa maji, kingo zinaporomoka, na unachimba mara mbili kwa malipo ya mara moja. Kwa hiyo mgao wa kwanza ukitoka Julai au Agosti una thamani kubwa kuliko kiasi kile kile kikitoka Desemba. Hili halihitaji shilingi ya ziada, linahitaji kalenda tu.

Mgao mbaya kuliko yote ni ule wa Mei. Fedha inaingia tarehe 20, mwaka unafungwa Juni 30, na isiyotumika iko hatarini kurudi Hazina. Kupitisha mahitaji kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki, kupata wazabuni, kutoa oda na kupokea mzigo kunakula wiki tatu hata kila mtu akiwa mwepesi. Zege inafikia nguvu yake ya kukubaliwa kwa siku 28. Hakuna mjenzi anayeweza kuzifinya hizo siku. Kinachotokea ni kununua vifaa kwa mkupuo ili fedha "itumike": saruji mifuko 1,500 inarundikwa kwenye darasa ambalo halijapigwa lipu. Saruji iliyokaa stoo miezi mitatu huwa imepoteza takribani moja ya tano ya nguvu yake, na mapema zaidi kama imegusa sakafu au imepangwa zaidi ya mifuko 10 kwenda juu. Septemba mafundi wanairudia, wanaponda mabonge kwa koleo, wanajengea. Kwenye vitabu kila kitu ni safi.

Tunaomba Hazina iruhusu miradi hii itambulike kwa hatua za ujenzi. Msingi na jamvi iwe hatua moja; kuta, linta na mkanda hatua ya pili; kenchi na bati ya tatu; umeme, maji na umaliziaji ya nne; ufungaji na majaribio ya mashine ya tano. Hatua ikikaguliwa na mhandisi akasaini, mgao unaofuata utoke ndani ya siku 14. Na salio la Juni 30 libaki kwenye akaunti ya mradi kwa idhini iliyoombwa mapema, Aprili, si kwa simu za usiku wa Juni 29.

Kuhusu force akaunti, yaani taasisi kujenga yenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, hatuipingi. Inapunguza gharama na inaacha fedha wilayani. Lakini inamkabidhi mkuu wa chuo na kamati tatu, za ujenzi, za ununuzi na za mapokezi, kazi ambayo mkandarasi aliyesajiliwa hufanya akiwa na mhandisi wake. Basi wapewe vipimo rahisi ambavyo mjumbe yeyote wa kamati ya mapokezi anaweza kuvitumia.

Nondo zipimwe kwa mzani, zisihesabiwe tu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.6 hivi. Ya milimita 10, kilo 7.4. Ya 16, karibu kilo 19. Mzani wa kupimia magunia unatosha. Funga nondo 10 za milimita 12 pamoja. Zikija kilo 90 badala ya 106, mmeuziwa nondo nyembamba zenye rangi ya milimita 12, na mzigo urudi kabla lori halijaondoka. Kwa macho tofauti hiyo haionekani, hasa jioni, na mizigo ina tabia ya kufika jioni.

Tofali za inchi 6 zinazofyatuliwa eneo la kazi zitoke 25 hadi 30 kwa mfuko. Fundi anayetoa 45 kwa mfuko anauza mchanga uliochomwa jua. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali kama 10, kwa hiyo idadi ya mifuko iliyotumika kufyatua inaweza kulinganishwa na kuta zilizosimama, bila kumtuhumu mtu. Zege: lita 25 za maji kwa mfuko, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Mafundi huongeza maji ili toroli limwagike kirahisi, na kila ndoo ya ziada inaacha vinyweleo zege inapokauka. Kisha imwagiliwe siku 7, asubuhi na jioni, au ifunikwe kwa magunia mabichi. Kwenye mkataba wa fundi kazi hii ya kumwagilia huwa haimo kabisa, ndiyo maana haifanyiki. Iandikwe, ilipwe.

Mkataba wa fundi wenyewe ulipwe kwa hatua zilizopimwa, si kwa "awamu" za tarehe. Na bei za BOQ zizingatie kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa na 5 kwa huduma. Mwenye duka la vifaa wilayani anaiongeza kwenye bei yake hata kama hajasema, kwa hiyo makadirio yaliyoandikwa kwa bei za dukani za mtu binafsi yanapungua kabla msingi haujachimbwa.

Ramani ya mfano inayotumika kila mahali inaokoa gharama za usanifu, na kwa paa na kuta haina neno. Kwa msingi inahitaji tahadhari. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga na Simiyu, huvimba ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka. Msingi uliotosha kwenye changarawe utapasua kuta hapo kwenye kona za madirisha baada ya misimu miwili. Mashimo matatu ya kina cha mita 2, yaliyochimbwa kwa jembe na sururu, yanaonyesha hilo kabla ya BOQ kufungwa. Pakionekana udongo huo, bei iongezwe kwa kuuondoa, kujaza moramu na kushindilia kwa tabaka za sentimita 15, kuweka nondo kwenye zege ya msingi, na kuzungushia jengo njia ya zege ya upana wa mita 1 ili maji ya paa yasikae jirani na ukuta. Kiasi hiki kisitafutwe baadaye kwa kupunguza jamvi la karakana.

Maji tuyapitie haraka: bweni la wanafunzi 150 kwa lita 60 kila mmoja ni lita 9,000 kwa siku. Tangi moja la 10,000 ni akiba ya siku moja. Wekeni mawili, na mnara wake uhesabiwe kwa uzito wa maji, tani 20.

Kisha kuna fedha ya kuendesha, ambayo haikatiwi utepe. Wanafunzi 20 wa kuchomelea, kila mmoja akitumia vijiti 20 kwa siku, siku 4 za vitendo kwa wiki, wanamaliza vijiti 1,600. Kijiti cha milimita 3.2 kina uzito wa gramu 35 hivi, kwa hiyo ni kilo 56 kwa wiki, kwa fani moja, bila vyuma vya kuchomelea. Chuo kisipopewa fedha hiyo, mwalimu anachoma vijiti viwili mbele ya darasa na wengine wanatazama kupitia vioo vya kuazimana. Bili ya umeme ya mteja mkubwa nayo huhesabu kilele cha kVA kilichofikiwa ndani ya mwezi, juu ya uniti zilizotumika. Ratiba inayowasha vibanda vyote 12 na useremala kwa saa ile ile inalipiwa mwezi mzima. Hili wakuu wapya wa vyuo hawaelezwi na mtu.

Waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Tunaomba sehemu ya tozo hiyo inayokwenda VETA itajwe kwa kila chuo, ikitenganisha ujenzi, mashine na vifaa vya mafunzo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na shule nyingi zitaelekea kwenye karakana hizi hizi kwa vitendo. Vijiti vya kuchomelea havitapungua.

Tunachoomba kifanyike mwaka huu wa fedha ni kidogo. Kwa vyuo ambavyo bado havijamalizika, kila kimoja kitembelewe na fundi umeme mwenye leseni, mwalimu wa fani na mkadiriaji majenzi, kwa siku moja, wakiwa na futi, mzani na orodha ya mashine. Warudi na ukurasa mmoja: unene wa jamvi la kila karakana uliothibitishwa kwa kutoboa tundu, upana wa kila geti, kimo chini ya kenchi, ukubwa wa transfoma na umbali wake, lita za maji, mashine zilizopo na zisizopo. Palipo na jamvi la sentimita 10, mashine nzito zisipelekwe hadi vitako vyake vimechimbwa na kumwagwa upya. Kitako kimoja cha mita 1 kwa 2.5, kina cha sentimita 40, ni mita 1 ya ujazo ya zege, mifuko 7 ya saruji. Ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa mradi getini, chini ya jina la chuo na kiasi cha fedha iliyotolewa, wananchi wausome.

Kwa vyuo ambavyo havijaanza, BOQ isisainiwe kabla jedwali la mashine halijaambatishwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Walimu wa ufundi, wakadiriaji majenzi, mafundi umeme na wasimamizi wa ujenzi